Datin wa Binti Yangu

Mwaka 2015 neno "Datin" liliingia nyumbani kwangu kupitia simu, na tangu hapo halikutoka.

"Datin amesema mchele wangu unashikana kwa sababu nauzidishia maji," Mutesi aliniambia Jumapili moja. Nilikuwa jikoni kwangu Louisville, simu nimeibana kwa bega, nakata vitunguu.

Mchele! Binti niliyempikia mchele kwenye kambi ya wakimbizi kwa kuni mbichi, nikaja kumpikia Amerika kwa umeme, leo anafundishwa kiasi cha maji na mwanamke wa Malaysia huko Buffalo.

"Huyo Datin hana jina?"

"Analo, Mama. Anaitwa Zaleha. Lakini huwezi kumwita Zaleha hivihivi. Datin ni cheo."

Akanieleza. Kwao Malaysia, sultani wa jimbo humpa mtu cheo cha Dato' kwa kazi aliyolifanyia jimbo. Mtu huyo akiwa mwanamume, mke wake huitwa Datin. Hasomei cheo hicho wala hakiombi. Jana alikuwa mke wa fulani, leo ni Datin, na watu wanasimama akiingia. Lakini mwanamke akipewa cheo yeye mwenyewe, mume wake hapati kitu. Anabaki na jina lake la kuzaliwa.

"Kama Mama Mchungaji," nikasema. "Mume anahangaika na Biblia, mke anapewa kiti cha mbele."

Mutesi akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyofanya akitaka mazungumzo yaishe, kwamba si lazima kila kitu nikipime kwa kanisa letu.

Nitakipimia wapi kwingine? Nina diploma ya uhasibu niliyoipata hapa hapa huku nalea watoto watatu. Nasimamia zamu katika kiwanda cha vifungashio Jeffersontown. Watu wananiletea barua za bima na za shule niwasomee. Hakuna anayeniita Mhasibu wala Msimamizi. Naitwa Mama Mutesi. Ndivyo tulivyo sisi watu wa milima ya Kivu Kusini: mwanamke akizaa, jina lake la usichana linawekwa kando, anavaa la mtoto wake wa kwanza. Marita yuko kwenye kitambulisho tu. Sijawahi kulalamika. Vyeo vingine vyote wachukue wenyewe, hicho ni changu.

Lakini kila Jumapili ilikuwa Datin. Datin amesema koti langu ni jepesi kwa theluji ya Buffalo. Datin amenionyesha daktari mzuri wa meno. Datin anasema nisikae na hasira mpaka jioni. Mutesi alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya mwanamke huyo, North Buffalo, ili asome chuo kikuu kilichoko Amherst, kando ya mji. Mimi nilidhani nalipia chumba. Kumbe nalipia mama.

Kisha ikaja harusi.

Mchumba aliitwa Cyubahiro, kijana mtulivu anayetunza wazee katika nyumba moja ya kulelea Columbus. Sina neno juu yake. Mahari ilipangwa kupokelewa Columbus pia, kwa sababu ndiko anakoishi Polycarpe, kaka mkubwa wa mume wangu, na kwetu mahari hupokelewa na mkubwa wa ukoo. Siku hiyo, baada ya wasemaji wa pande mbili kutaniana na kukubaliana, upande wa mume huleta blanketi la mama. Msemaji wao humwita mama wa binti kwa jina la mtoto wake mbele ya watu wote, akamfunika mabegani. Ni asante kwa mgongo uliobeba. Nilikuwa nikilingoja blanketi hilo tangu Mutesi alipoanza kutembea.

Polycarpe akanipigia simu. Polycarpe anapenda vyeo kama watu wengine wanavyopenda chumvi. Kwenye sherehe yake hata mpiga kinanda hutangazwa kwa cheo.

"Bon, Mama Mutesi, sikia. Mutesi ameniambia kuna mugeni mukubwa anakuja. Bwana yake alipewa cheo na mufalme?"

"Na sultani."

"Sultani, mufalme, ni kitu moja. Donc huyo mama hawezi kukaa nyuma na batoto. Atakaa kwa meza ya mbele, pembeni ya mama ya bwana arusi."

"Hapo ni kwangu, Shemeji."

"Weye ni mutu ya nyumbani. Mutu ya nyumbani anaweza kukaa fasi yote, hata nyuma."

"Ongeza kiti."

"Meza haiongezeki. Nilishaipima."

Nilimgeukia mume wangu, Ngarambe, aliyekuwa akisikia kila kitu na kujifanya anatazama mpira.

"Ni kiti tu," akasema.

"Basi kaa wewe nyuma."

Akaongeza sauti ya televisheni.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikaendesha gari mpaka Buffalo. Sababu niliyoitoa ni mushanana, vazi la bi harusi, ambalo lilihitaji kupimwa. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka kumwona.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, yenye kibaraza cha mbao mbele, kama nyumba zote za mtaa ule. Mlangoni kulikuwa na viatu vimepangwa, vya Mutesi vikiwa vimepangwa pia. Binti ambaye nyumbani kwangu alivua viatu popote vilipomchosha! Mwanamke aliyenifungulia alikuwa mfupi, wa rika langu au zaidi kidogo, kitambaa cha kichwa cha rangi ya maziwa, miwani imening'inia shingoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama yake Mutesi," akasema kwa Kiingereza. "Hatimaye."

Mutesi akaingia kutoka chuoni. Kwanza akamwendea yeye. Akaupokea mkono wake, akainama, akaugusisha kwenye paji la uso, kama watoto wa Kimalay wanavyowasalimu wakubwa wao. Halafu akaja kwangu, akanikumbatia kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa na begi.

Niliuona ule mkono mmoja. Nauona mpaka leo.

Tulikula. Chakula kilikuwa kizuri, na hilo pia lilinikera. Datin hakuwa na majivuno yoyote ambayo ningeweza kuyashika. Alimwambia Mutesi asizidishe pilipili, "unajua tumbo lako tangu ulipolazwa."

Nikaweka kijiko chini. "Alilazwa lini?"

Mutesi alitazama sahani.

"Ni kidole tumbo, Mama. Mwezi wa pili. Walikitoa, nikatoka. Sikutaka ukose kazi."

"Ukafanyiwa upasuaji, mimi nikiwa Louisville nakagua lebo za maboksi?"

"Datin alikuwapo," akasema, kana kwamba hilo lingenituliza.

Mutesi akapanda juu kujaribu mushanana. Nikabaki jikoni na yule mwanamke. Alikuwa akiosha vyombo, mimi nikavifuta, kwa sababu sijui kukaa bure hata nikiwa na hasira.

"Nilimwomba akuambie," akasema. "Mara nyingi."

Nikaendelea kufuta sahani.

"Kuna jambo jingine. Baba yake mkubwa ameniandikia, anataka kujua anitangaze vipi. Nimemwambia Zaleha inatosha. Hakubali. Nakuambia wewe ili umsaidie kuelewa: mimi si Datin tena. Mume wangu aliniacha, akaoa mwingine. Kwetu cheo hiki ni cha mume. Ukiachwa, kinarudi kwake, na sasa Datin ni huyo mwenzangu. Wanafunzi wa Malaysia pale chuoni, ninakofanya kazi, wanaendelea kuniita hivyo, wanaona aibu kuacha. Mutesi alilisikia kwao, akalishika."

"Mutesi anajua?"

"Bado. Nitamwambia baada ya harusi. Binti anayepima nguo ya harusi hahitaji kusikia habari za talaka yangu."

"Una watoto?"

"Sikujaliwa." Alisema hivyo kama mtu anayesema mkate umekwisha.

Nilisema pole. Mdomo ndio uliosema. Moyoni nilikuwa kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba ya jirani.

Siku ya mahari, ukumbi wa Columbus ulijaa mapema. Nilimkuta Polycarpe nje, kwenye maegesho, akijifunga tai kwenye kioo cha gari.

"Shemeji, yule mgeni wako. Aliachwa na mumewe. Cheo hana."

Mikono yake ikasimama kwenye tai. "Aliachwa?"

"Ameniambia mwenyewe."

"Na yeye mwenyewe hana cheo? Docteur? Mama Mchungaji, hata ya huko kwao?"

"Ni Mwislamu, Shemeji. Anafanya kazi ofisini chuo kikuu."

"Hata mama ya fulani?"

"Hana mtoto."

Alijikuna shingo. Polycarpe si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa umepasuka. "Sasa nitamutangaza aje?"

"Usimtangaze."

Zaleha alifika na Mutesi, amevaa gauni refu la kijani la kwao, amebeba zawadi iliyofungwa vizuri. Mutesi akapelekwa chumba cha bi harusi, mahali anapofichwa mpaka aitwe. Vijana wa mapokezi wakamwongoza Zaleha kupita meza ya mbele, kupita wazee, kupita kwaya, mpaka kiti cha plastiki kando ya mlango wa jiko. Aliponipita alinitazama mara moja. Hakunikunjia uso. Afadhali angenikunjia.

Nikakaa kwenye kiti changu. Kilikuwa na kitambaa cheupe na utepe wa dhahabu. Kilinitosha vizuri.

Wasemaji wakaanza. Rugaba, msemaji wa upande wa mume, alidai wamepotea njia na wanatafuta ng'ombe mmoja mzuri aliyeingia kwetu. Polycarpe akamwambia ng'ombe wetu wote wana vibali vya kuishi, alete karatasi zake. Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia. Mambo yalikuwa yakienda kama nilivyotaka, na nikasimama kidogo kuhakikisha jikoni nako kunakwenda.

Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ya Gaju, mkuu wa wapishi.

"Mama Mutesi! Karibia, samaki yako ni hii!"

"Samaki gani?" nikauliza. "Mimi sikuagiza samaki."

Gaju akanitazama, kijiko mkononi. "Si weye. Ni ule, hawezi kula nyama yetu."

Zaleha alikuwa ameketi kati ya wanawake wetu, mikono ya gauni imekunjwa, anamenya ndizi nao. Alikuwa ameitika wito. Alikuwa amegeuka!

"Mnamwitaje?" nikauliza.

"Tumuite nani, mama?" Gaju akaweka mkono kiunoni. "Tuliuliza cheo, Polycarpe anasema hana. Tukauliza mutoto, anasema hana. Hatuwezi kuita mama muzima jina butupu kama mutoto ya masomo. Bon. Amekuja na Mutesi, anaishi na Mutesi, Mutesi aligonjwa ni yeye alimupeleka hospitali. Kwa hiyo yeye njo Mama Mutesi."

"Na mimi ni nani?"

"Weye ni Mama Mutesi wa Louisville. Huyu ni wa Buffalo." Wanawake wakaangua kicheko. "Mutoto muzuri hawezi kukosa bamama babili!"

Zaleha akainuka, akanisogelea. Alinukia ndizi mbichi.

"Ulimwambia shemeji yako," akasema polepole.

"Nilimwambia."

"Nilidhani utamwambia yeye peke yake, siyo ukumbi mzima kupitia kiti." Akafuta mikono. "Lakini sawa. Lile jina lilikuwa linanibana. Na hawa wamenieleza maana ya hili jipya." Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Sijawahi kupewa jina zuri kama hili."

Nilikuwa nimemvua cheo cha sultani kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwacha bila nguo, na watu wetu, kwa adabu yao, wakamvisha iliyokuwa karibu. Iliyokuwa karibu ilikuwa yangu.

Ngoma ikapigwa ukumbini. Mutesi alikuwa ametolewa. Nilikimbia kurudi, lakini kabla sijafika meza ya mbele Rugaba alikuwa tayari katikati, blanketi limekunjuliwa.

"Sasa tunamuomba Mama Mutesi! Aje huyu mama, tuone huo mugongo!"

Vigelegele vikatoka upande wangu. Vigelegele vikatoka jikoni vilevile. Nikageuka. Gaju na wenzake walikuwa wakimsukuma Zaleha mbele kwa furaha, naye akisema hapana, hapana, kwa mikono, asijue aliitiwa nini, ila amelisikia jina lake jipya.

Tukajikuta wote wawili tumesimama katikati ya ukumbi. Rugaba alilishika blanketi mbele yetu kama mtu anayetaka kukamata kuku na hajui aanze na yupi.

"Mama Mutesi ni nani kati yenu?"

"Mukate blanketi mara mbili!" mtu akapiga kelele nyuma. Kicheko kikazunguka.

Mutesi alikuwa amesimama kando ya Cyubahiro ndani ya mushanana yake. Hakucheka. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nikaona kwamba akiulizwa hatajibu. Hakuwa tayari kuniumiza, na hakuwa tayari kumuumiza yule, na ukumbi wote ungeona anasita. Kusita kwake kungekuwa jibu.

Sikumpa nafasi. Nikachukua kipaza sauti mkononi mwa Rugaba.

"Mama Mutesi ni mimi," nikasema. "Nilimzaa mimi, nikambeba mgongoni mimi, tukavuka mpaka akiwa mgongoni. Hakuna wa Louisville na wa Buffalo. Ni mmoja. Na huyu hapa ni Datin. Muiteni Datin."

Polycarpe akainuka. "Lakini Mama Mutesi, si ulisema huyu alia—"

"Nilisema nini, Shemeji?"

"Kwamba bwana yake—"

"Bwana yake yuko Malaysia. Sultani wao yuko Malaysia. Hapa ni Columbus, na mkubwa wa ukoo ni wewe. Wewe ukimwita Datin, nani atakukatalia?"

Hilo lilimfikia. Niliona likimwingia kama soda baridi. Hakuwahi kutoa cheo maishani mwake, alitangaza tu vya wengine.

"Bon," akasema, akanyoosha tai. "Datin! Karibu mbele! Lakini..." Akapunguza sauti. "Meza imejaa, mama."

"Mpe kiti changu."

"Na weye?"

"Mimi nimesimama."

Zaleha alinishika kiwiko. "Marita, si lazima," akasema. Ni yeye peke yake ukumbini aliyeniita kwa jina hilo, alilolisoma kwenye hundi zangu za kodi.

"Ni lazima," nikamwambia. "Kakae."

Akaenda. Alikikalia kiti kile kwenye ncha tu, kama mtu anayekalia kitu cha moto. Rugaba akanifunika blanketi. Lilikuwa zito, la sufu, la rangi ya damu ya mzee, na ilikuwa mwezi wa saba. Jasho lilinitoka papo hapo. Sikulivua.

Mutesi akaja kunikumbatia, kama desturi inavyotaka. Alinikumbatia kwa mikono yote miwili. Nilihakikisha.

"Asante kwa kumrudishia cheo chake," akaninong'oneza.

"Sikumrudishia. Nilichukua changu."

"Ni wewe uliyemtoa kwenye kile kiti. Nimesikia. Na habari za mumewe nimezisikia pia, kwa watu wa mapokezi, badala ya kuzisikia kwake."

"Ni mimi."

"Umeniumiza, Mama."

"Najua. Na wewe ulipasuliwa tumbo hukuniambia."

Aliuficha uso shingoni mwangu. Watu walidhani tunalia kwa furaha, wakazidisha vigelegele. Nikamshika mabega, nikamsogeza nimwone uso.

"Ukiugua," nikasema, "ukigombana na huyu mume, ukipata mimba, ukiunguza mchele. Nani anajua kwanza?"

Nilingoja anijibu kwa Kiingereza.

"Wewe," akasema kwa Kiswahili. "Wewe kwanza. Halafu Datin."

"Halafu Datin," nikasema. Halikuwa neno tamu, lakini nilikuwa nimelitafuna mwenyewe.

Juu ya bega lake niliiona meza ya mbele. Zaleha alikuwa akifuta macho na kitambaa cha mezani, kile nilichokikunja umbo la ua asubuhi na kukiacha mbele ya sahani yangu. Nikaangalia upande mwingine, nikajifunga blanketi vizuri.